Jumba la Manjano Nililolikuta Plano

Tangu nirudi Tanga kila mmoja wenu ananiuliza kivyake. Mwalimu Asha anataka kujua kama Wamarekani kweli hula nyama asubuhi. Mwalimu Kombo anauliza kwa nini nimekonda. Wengine mkija kwangu mnaitazama ile picha ukutani, mnanitazama mimi, halafu mnaomba chai. Basi nimeamua kuandika mara moja, msome kwa zamu, na mimi nipumzike. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Aliyewahi kupanga foleni ubalozini anazijua, na asiyewahi hazina faida kwake.

Mnajua kwamba ujanani nilisoma Urusi. Msichojua, kwa sababu sikupata kumwambia mtu, ni nilichokwenda kusomea. Nilikwenda kusomea uchoraji. Mwalimu wangu aliitwa Nina Arkadyevna, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuchora majumba ya mashambani ya mabwana wa zamani. Wenyewe walikimbia au walifukuzwa, majumba yakageuzwa shule, zahanati, ghala za nafaka, na mwisho yakaachwa hivyo hivyo mpaka miti ikaota juu ya mapaa. Nina aliyachora kabla hayajaanguka, na aliyachora kwa nta ya nyuki. Nta unaiyeyusha pamoja na utomvu wa mti na rangi ya unga, unaipaka ingali ya moto juu ya ubao, kisha kila tabaka unalipitishia moto kidogo lishikane na la chini yake. Ni ufundi wa kale mno. Miaka miwili nilimbebea jiko dogo na mfuko wa nta, treni kwa treni, kijiji kwa kijiji, mimi na yeye tu.

Mwaka huu mwanawe, Kostya, alinitafuta. Anaishi Plano, Teksas, na picha zote za mama yake ziko kwake. Nyumba moja ya sanaa Houston ilitaka kuzionyesha, lakini mbao hazikuandikwa majina ya majumba, na Nina amepofuka. "Hakuna aliye hai aliyefika huko naye isipokuwa wewe," Kostya aliniandikia. "Njoo uyataje."

Ndiyo maana nikaenda.

Cedar Hill

Nilifikia Cedar Hill, huko huko Teksas, kwa Zuhura, binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alinipokea uwanjani kwa furaha na machozi, akanifikisha nyumbani, akanionyesha chumba, friji na jinsi ya kufungua mlango. Kisha akaenda kazini.

Asubuhi alirudi macho mekundu. "Shikamoo shangazi. Umelala?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala. Njoo basi tunywe chai."

"Shangazi, nikinywa chai sasa hivi sitalala, na leo nime-pick shift nyingine. Chapati ziko kwenye freezer, uta-warm tu."

Akalala mpaka magharibi, akaamka, akaondoka. Ikawa hivyo siku nne. Simlaumu hata kidogo. Nilimfunika shuka, nikamtengenezea wali wa nazi akaubeba kwenye kikopo, na siku moja tuliweza kukaa pamoja dakika arobaini nzima. Lakini mchana kutwa nyumba ile ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikianza kunguruma nilifurahi.

Siku ya pili nikaona nitoke nitembee. Mtaa mzuri, majani yamekatwa sawasawa, milango imefungwa, watu hamna. Nilitembea labda nusu saa bila kukutana na binadamu anayetembea kwa miguu. Hatimaye gari likapunguza mwendo kando yangu, mama mmoja Mmarekani mweusi akateremsha kioo.

"Are you okay?" akaniuliza.

Nami, kwa furaha ya kuulizwa hali, nikasimama nikamjibu kama tunavyojibiana sisi: namshukuru Mungu, nilikuwa na maumivu ya goti tangu kwenye ndege lakini leo nafuu, nyumbani wote hawajambo, na yeye je, na watoto? Alinisikiliza mdomo wazi. Kumbe alidhani nimepotea. Nilipoelewa niliona haya, naye akacheka vizuri, akasema hajambo na watoto hawajambo. Akaenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku ile.

Plano

Kostya alikuja kunichukua Jumamosi. Nilimjua akiwa mtoto wa miaka minane, kapaliwa na samaki mbele yangu. Sasa ana kipara, ni mkubwa fulani kwenye kampuni, na Kirusi chake kimebaki kile kile cha mtoto wa shule, kinachochanganyika na Kiingereza kila anapotaka kusema jambo la mtu mzima. Njia ilichukua zaidi ya saa nzima. Aliniuliza kuhusu Tanga, nikamwambia, halafu tukaishiwa.

Picha alizihifadhi kwenye chumba cha peke yake, kipoza hewa kinafanya kazi mchana na usiku. Zilikuwa ishirini na sita, zimefunikwa shuka. Alipoifunua ya kwanza, harufu ya asali na utomvu ikanijia, nikalazimika kukaa.

Tulifanya kazi kwa utaratibu. Yeye anainua ubao, mimi nataja, yeye anaandika kwenye kompyuta. Hili ni la kijiji chenye kinu. Tulilala zizini na ng'ombe alimramba mama yako nywele. Hili lilikuwa zahanati, mganga alituzuia mpaka tukamchora na yeye. Hili liliungua mwezi mmoja baada ya sisi kuondoka. Nilishangaa jinsi nilivyokumbuka. Mkewe alituletea uji wa ngano nyeusi wenye siagi, tukala tumesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijisikia mtu ninayehitajika.

Ubao wa kumi na tisa ulikuwa jumba la manjano lenye nguzo nne nyeupe, theluji inaanza kuyeyuka, madimbwi mbele ya ngazi.

Nikamwomba Kostya ausogeze karibu na dirisha. Kwenye theluji, upande wa kushoto, nta ilikuwa na alama ya nyuzi zilizosukwa, ndogo ndogo, kama kitambaa kimegandamizwa hapo nta ingali laini. Kilikuwa kitambaa kweli. Lilikuwa pindo la kanga yangu. Siku ile brashi ilishindwa kupata ugumu wa theluji iliyoyeyuka na kuganda tena, nikaivua kanga niliyojifunga chini ya koti, nikaigandamiza pale.

Picha ile niliichora mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kuhitimu, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Wiki moja kabla ya kamati ya mtihani kukaa, Nina alinishika mabega kwenye korido akaniambia baridi imeingia stoo, ubao umepasuka, umetupwa. Kamati haikuwa na cha kutazama. Walinihurumia, wakanipa cheti cha kufundisha uchoraji shuleni badala ya cha mchoraji. Nikarudi nyumbani, nikawa mwalimu mwenzenu wa masomo mengine. Sikugusa nta tena miaka thelathini na minne, kwa sababu niliamini hata mbao zilinikataa.

Nikaugeuza ule ubao. Nyuma, kwa mwandiko ninaoujua, ziliandikwa herufi za kwanza za jina la Nina.

"Hili je?" Kostya akauliza, vidole viko tayari.

Nikamtajia jina la jumba. La mchoraji sikulitaja. Akaandika, tukaenda kwenye ubao wa ishirini.

Msiniulize kwa nini sikusema. Nilikuwa nyumbani kwake, nimekula uji wake. Na nilitaka kwanza kulisikia kwa Nina mwenyewe.

Barabara ya kwenda Houston

Nina anaishi Pearland, kusini ya Houston, kwa binti yake Lena, daktari. Kostya alipanga kutupeleka mimi na picha, lakini kazini wakamwita dakika za mwisho. Zuhura akapata mtu: mume wa mfanyakazi mwenzake, Mkongo wa Bukavu, ana gari la mizigo na njia ile anaijua. Anaitwa Papa Bahati. Tulizipanga mbao wima, karatasi katikati, blanketi juu, tukaanza safari asubuhi.

Papa Bahati ni mtu mwema anayependa kusema, na mimi nilikuwa na kiu ya maneno. Tatizo lilikuwa Kiswahili chenyewe. "Mama, usisikie njaa," alisema, "bibi yangu ametupikia sombe."

"Mashallah, bibi yako bado yuko hai? Na anapika mwenyewe?"

Akanigeukia. "Iko hai sana, mama! Kwa nini afe?"

"Ana umri gani?"

"Makumi tatu na nane."

Ilituchukua kilomita kadhaa kuelewana kwamba kwao bibi ni mke. Tulicheka mpaka akapunguza mwendo. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nitoke Tanga.

Tulipoupita mji wa Corsicana akagonga dashibodi kwa kiganja. "Mama," akasema kwa sauti ya msiba, "Clim inakufa."

Klim ni jina la mwanamume kwa Kirusi, na mimi kichwa changu chote kilikuwa Urusi. "Klim yupi? Innalillahi! Anaumwa nini?"

"Clim, mama! Baridi ya gari!"

Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Joto tupu. Ilikuwa Agosti, jua la Teksas limesimama juu yetu, na nyuma kulikuwa na mbao ishirini na sita za nta. Nta haihitaji kuchemka ndipo iharibike. Ikilegea tu, nguzo inateremka, dirisha linafunga, uso wote unashika karatasi. Nikamwambia asimame popote penye kivuli. Akatoka barabarani, akaingia kwenye kituo cha mafuta, nikafungua nyuma, nikagusa ubao wa kwanza. Ulikuwa unateleza kama sabuni.

Mwenye duka la kituo alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kofia pana. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba nina picha zinazoyeyuka. Alifikiri kidogo, akatupeleka kwenye chumba cha baridi cha bia. "Hapa," akasema, kwa fahari. Nikamshukuru, nikakataa, kwa kuwa nta iliyopashwa moto ukiitia barafuni ghafla inapasuka. Basi akasogeza masanduku ya viazi vya kukaanga, akatuachia ukuta mzima ndani ya duka. Mimi, Papa Bahati na yule mzee tukabeba ubao mmoja mmoja, tukazipanga zote ishirini na sita sakafuni, zimeegemea ukuta, nyuso nje zipoe. Fundi wa gari, alisema Papa Bahati akiwa na simu sikioni, angekuja baada ya saa tatu. Alikuja baada ya tano.

Watu waliingia kununua soda na kukuta Urusi nzima chini ya rafu. Wengi walipita. Mama mmoja mweusi, mtu mzima kuliko mimi, alisimama na chupa yake ya maji mkononi, akazitazama zote, moja baada ya nyingine, uso haukunjuki.

"Haya ni ya Luiziana?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni Urusi."

"Nguzo hizo hizo," akasema. "Mama yake nyanya yangu alifua nguo kwenye nyumba ya nguzo kama hizo. Hakulipwa. Alikuwa mali yao." Akanigeukia. "Kwa nini mtu achore nyumba hizi zipendeze?"

Nikamwambia kwamba kule nako, wakulima wa mashamba yale walikuwa mali ya bwana. Waliuzwa pamoja na ardhi, na ndio waliozijenga nguzo. Wazungu kwa Wazungu. Akanitazama kama nimemtungia uongo. Kisha akainama mbele ya jumba la manjano, akalikodolea macho muda mrefu.

"Hili halikupambwa," akasema. "Hili linasikia baridi. Huyu aliyechora alikuwa mgeni hapo."

Alikwenda kulipia maji yake. Mimi nikaingia chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Sombe tulilila tumekaa juu ya kreti, na fufu, ule ugali wa kwao, umepoa. Sombe ni kisamvu, cha dagaa na mawese. Papa Bahati hakuniuliza kwa nini macho yangu yamevimba. Alinisogezea tu upande wenye dagaa wengi.

Pearland

Tulifika magharibi. Picha mbili zilikuwa zimechubuka pembeni, basi. Lena alizipokea, akamtuliza njaa Papa Bahati kwa chai na keki, na asubuhi yake akaenda hospitali alikokuwa na wagonjwa wanamsubiri. Nikabaki na Nina.

Nilimkuta sebuleni, amekaa wima, mdogo kuliko nilivyomwacha, uso umeelekezwa dirishani ingawa hakioni kilicho nje. Nilimwamkia kwa jina lake na la baba yake, kama inavyopasa. Akanyoosha mikono, nikampa yangu, akaipapasa vidole.

"Mikono ya chaki," akasema. "Hupaki."

"Sipaki."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotupa ubao wangu."

Nilitazamia atakana, au atasema amesahau; ana miaka themanini na sita, ningeamini. Hakufanya hivyo.

"Umeuona," akasema.

"Nimeuona kwa Kostya. Una herufi zako nyuma."

"Niliuiba."

Alilisema wazi hivyo hivyo. Nikauliza kwa nini, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyechapwa.

"Nyumba ile nimeichora mara tano. Mara zote ilikuwa nyumba. Wewe uliichora mara moja, ikawa baridi. Nilikaa nao stoo siku tatu, sikuweza kuutoa uende kwenye kamati. Nikajiambia, huyu ni kijana, ana maisha, atachora nyingine. Atachora kumi."

"Sikuchora hata moja, Nina Arkadyevna."

Hakuomba radhi. Alisema: "Mwite Kostya kwenye simu. Mwambie kwenye orodha aandike jina lako. Nitamwambia mimi." Nikampigia. Alimwambia, kwa Kirusi kigumu cha kumwelewesha mtoto: ubao wa kumi na tisa si wangu, ni wa Rehema wa Tanga, nilimwibia. Kostya aliuliza mara tatu. Mara ya tatu mama yake alimpigia kelele.

Nyumba ya sanaa, walipoambiwa, walijibu kwa upole kwamba maonyesho ni ya Nina peke yake. Ule ubao hautaingia. Kwa hiyo ulikuwa wangu kuuchukua. Siku hiyo Nina akaniomba jambo ambalo sikulitazamia.

"Niachie mimi," akasema. "Siuoni. Lakini nitajua upo."

"Hapana," nikamwambia. Nikaondoka chumbani.

Siku mbili hatukusemezana ila chai na dawa. Lena alitoka alfajiri na kurudi usiku. Nyumba kubwa, wanawake wawili, kila mmoja na chumba chake. Nilikuwa na haki yangu mkononi, imefungwa kwa blanketi, na sikumbuki wakati nimekuwa mpweke kama hapo.

Siku ya tatu nilimwomba Lena anipitishe madukani. Nilinunua nta, kikaango cha umeme cha kukaangia chapati za maji, kipuliza hewa ya moto cha mafundi, na ubao. Nta nikaiyeyusha gereji. Joto la Houston lilinichezea. Kufika saa nne asubuhi kila nilichopaka kiligoma kuganda, basi nikawa naamka kabla ya jua na kuacha kazi jua likipanda. Tabaka la kwanza nililikwangua lote. La pili pia. Siku ya nne nguzo zikaanza kusimama.

Sikutia rangi. Nilipaka nta nene, tabaka juu ya tabaka, ukuta wa lile jumba la manjano ukainuka, ngazi zikatoka mbele, paa likawa na bonde, madimbwi yakazama. Picha ya kushikwa. Msidhani ilikuwa msamaha. Mpaka leo nikiulizwa kama nimemsamehe sijui nijibu nini. Nilijua tu kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeifahamu nyumba ile kama mimi, na yuko upande wa pili wa mlango wa gereji.

Nikamwekea mapajani bila kusema. Vidole vyake vilianzia paani, vikashuka, vikahesabu madirisha, vikafika kwenye nguzo, vikasimama.

"Ya tatu imepinda," akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Walitaka kuivuta kwa farasi wapate matofali, ikagoma." Akaendelea kushuka mpaka ngazini. Hapo akauinua ubao, akauweka shavuni, akakaa nao hivyo. Nilikaa karibu naye kwenye zulia, na tuliongea mpaka Lena aliporudi: juu ya ng'ombe, juu ya mganga, juu ya treni iliyotuacha. Mambo madogo. La stoo hatukulirudia.

Kurudi

Uwanja wa ndege wa Houston walinisimamisha. Nta kwenye mashine yao inaonekana vibaya, donge zito lisiloeleweka. Ofisa kijana alifungua blanketi kwa glavu, akaguswa na theluji ile, akapitisha kidole hewani juu ya ile alama ya kanga bila kugusa.

"Nani amechora?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Mara ya kwanza maishani. Akaifunga vizuri kuliko nilivyoifunga mimi.

Nyumbani nilifika usiku wa manane, mnajua wenyewe, mvua imekata umeme, nikaiweka picha kitandani upande wa pili, nikalala. Upweke wa safari sikuuacha kule. Nilikuja nao, na siku nyingine jioni unakaa na mimi mezani. Lakini kikaango cha umeme nimenunua kingine Dar, na wafuga nyuki wa Handeni wameniletea nta.

Wiki iliyopita Lena alinitumia picha kwenye simu. Nina hauachi ule ubao niliomwachia. Anaupapasa tangu asubuhi mpaka usingizi. Nta imekuwa laini kwa joto la mikono, ngazi zimeisha kabisa, madirisha ya chini yamejaa, na mlango haujulikani tena. Lena ananiuliza kama naweza kumwelekeza namna ya kuutengeneza, au autie kwenye kioo usiharibike zaidi.

Nimemjibu: usiutie kioo. Mwache aumalize.